Betri Namba Kumi na Tatu

Mvua ya Chiloé haina adabu ya kupiga hodi.
Kila nyumba tuendayo tunaikuta imetangulia,
imekaa kitako kando ya jiko la kuni,
inatuuliza kwa nini tumechelewa.

Jumanne ni siku ya wagonjwa. Jumatano, wajane.
Alhamisi tunawapelekea vijana wamisionari godoro,
tunanusa friji yao, hatusemi kitu,
tunaosha sufuria.
Delwyn, fundi bomba wa miaka arobaini huko Idaho,
alidhani uzeeni Mungu amemwita kuhubiri.
Kumbe Mungu naye ana mabomba yanayovuja.

Kwa Doña Eduvina Barría tunakunywa kinywaji chao.
Wanakiita mate, na jina limekaa mahali pake:
mrija mmoja, midomo saba,
na zamu ikikufikia hufuti, unanyonya.
Kihispania changu ni cha kuokoteza.
Nilitaka kuomba tusamehewe dhambi,
ulimi ukateleza kwa herufi moja,
nikaomba tusamehewe samaki.
Doña Eduvina alisubiri amina ndipo akacheka.
Mumewe, mvuvi, hakucheka kabisa.
Alisema hilo nalo lilihitaji kuombewa.

Juu ya kilima, baada ya lango lisilofungika,
anaishi Don Nolberto Oyarzo, miaka themanini na minne.
Orodha ya kanisa ilimwandika: *amepoa*.
Miaka kumi na moja hajakanyaga ibadani.
Nilikuwa nimejiandaa, nina aya tatu na picha moja.
Akatuinulia kiganja, akapiga kelele kama wapigavyo viziwi:
«Imani haijaisha! Betri ndiyo imeisha!»
Akatuonyesha kifaa chake cha sikioni
ndani ya kikombe kisicho na mkono,
pamoja na vifungo na jino.

Duka la betri liko ng'ambo ya kivuko.
Pensheni haifiki ng'ambo.

Mume wangu hakunitazama, wala hakuniuliza.
Akachomoa kifaa chake mwenyewe sikioni,
akakifungua kwa ukucha,
akatoa betri, ndogo kama punje ya dengu,
namba kumi na tatu, sawa na ya yule mzee,
akaitia kule. Vidole vyake vya kukaza nati
vilitetemeka kidogo.

Don Nolberto alikunja uso.
Nikafungua kitabu, nikaanza aya ya kwanza.
Akaninyamazisha kwa kidole.
Birika lilikuwa linalia. Kuku alikohoa mlangoni.
Juu yetu, kwenye vigae vya mbao,
ile mgeni asiyepiga hodi.
«Kumbe bado inanyesha,» akasema taratibu,
mara hii bila kelele.
Tukakaa hivyo mpaka kuni zikawa makaa.
Zile aya tatu nilirudi nazo mkobani.

Njiani Delwyn aliendesha gari akiwa hasikii.
Nikamwambia kuhusu harusi ya Tamsin, tutakayoikosa.
Nikamwambia vidonge vyake vya moyo huwa navihesabu usiku.
Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, nikitazama mbele,
kwamba kuna asubuhi nachukia koti hili na tabasamu hili,
kwamba sikuja kwa wito,
nilikuja kwa sababu yeye alikuwa anakuja,
nami sijui kulala kitanda kisicho na mkoromo wake.
Aliitikia kwa kichwa mahali pasipostahili.
Kwenye daraja akasema:
«Ndiyo. Mzee mzuri sana yule.»

Mwanetu alituma kasha zima. Lilichukua wiki sita.
Tuligawa nusu kwa nusu juu ya meza ya Don Nolberto,
yeye akihesabu kwa sauti kama muuza mayai.
Jumapili moja alikuja, akakaa benchi la nyuma.
Katikati ya mahubiri nilimwona akipeleka mkono sikioni,
akazima.

Yale ya garini sijayarudia.
Betri mpya zimeshafika.